Kisukari na Unyumba: Jambo Ambalo Wanaume Hawalisemi Kliniki



Ndugu msomaji, makala ya mwezi huu ilipaswa kuandikwa miaka mingi iliyopita. Katika ukurasa huu tumeandika habari za malaria, za kuhara kwa watoto, za kifua kikuu, na kisukari chenyewe tumekigusa zaidi ya mara moja: macho, figo, vidonda vya miguu. Lakini kuna jambo moja ambalo kisukari hulifanya katika mwili wa mwanamume, na sisi wauguzi tuliokaa kliniki miaka yote hii tulikuwa tukilipita kimya kama mtu apitaye mbele ya nyumba yenye mbwa mkali. Jambo lenyewe ni upungufu wa nguvu za kiume, yaani uume kushindwa kusimama, au kusimama kisha kulegea kabla tendo la ndoa halijakamilika.

Tutataja viungo vya mwili kwa majina yake. Tumeona madhara ya kuzungukazunguka maneno, nayo ni makubwa kuliko aibu ya kuyasema.

Tuanze na mgonjwa mmoja. Jina lake na kijiji chake tunaviacha. Alikuwa fundi mwashi, mwenye umri wa miaka 46 alipogunduliwa kuwa na kisukari. Kila mwezi alifika kliniki na mapema, amevaa shati safi, akapimwa sukari na presha, miguu ikatazamwa, kadi ikaandikwa, akachukua vidonge vyake vya metformini akaenda zake. Mwaka wa kwanza sukari yake ilikuwa nzuri. Mwaka wa pili ikaanza kupanda. Tukamwonya juu ya soda na pombe, naye akawa anaitikia tu, "Ndiyo, Sista." Mwaka wa tatu hakuonekana tena. Aliporudi aliletwa na kaka yake, kidole gumba cha mguu kimeoza na uozo umepanda hadi kwenye kisigino. Daktari hakuwa na la kufanya ila kuukata mguu chini ya goti.

Ilikuwa wiki ya pili baada ya upasuaji, usiku, wakati wa kubadilisha bendeji, ndipo aliposema. Uume wake ulikuwa umeacha kusimama miezi michache baada ya kuanza dawa. Jirani akamwambia kwamba ni vile vidonge vya hospitali vinavyoua nguvu. Akaacha vidonge. Akauza mbuzi, kisha akauza ng'ombe, akawa ananunua dawa za unga sokoni. Mkewe naye aliamini kwamba mumewe amepata mwanamke mwingine mjini, maana hamgusi tena na fedha za mifugo hazionekani. Akafunga mizigo, akarudi kwao na mtoto mdogo.

"Nilitaka kuwauliza," akasema, "lakini ninyi mlikuwa mnaniuliza habari za miguu tu."

Neno hilo lilituuma na bado linatuuma. Katika kadi yetu kulikuwa na nafasi ya macho, nafasi ya miguu, nafasi ya mkojo na uzito. Nafasi ya swali hilo haikuwapo, nasi hatukuiweka. Vidonge havikuwa na kosa lolote. Kile alichokilaumu ndicho kilichokuwa kikimlinda, na kilichokuwa kinamwibia nguvu, yaani sukari iliyozidi katika damu, kilikuwa kimeanza kazi yake kabla hajameza kidonge cha kwanza.

Ni wengi kuliko wanavyodhani

Ugonjwa huu wa sukari kuharibu unyumba si jambo jipya la siku hizi. Ibn Sina, tabibu mashuhuri wa Uajemi aliyefariki mwaka 1037, aliandika habari za kisukari na akataja kwamba wagonjwa hupoteza uwezo wa tendo la ndoa. Kwa hiyo waganga wamejua kwa karibu miaka elfu moja. Wanaume ndio hawaambiwi.

Huko Marekani, katika jimbo la Massachusetts, watafiti waliwachunguza wanaume 1,290 wenye umri wa miaka 40 hadi 70, na matokeo yakachapishwa mwaka 1994. Katika kila wanaume 100 kwa jumla, kama 10 walikuwa wameshindwa kabisa kusimamisha uume. Lakini kati ya wale waliokuwa wakitibiwa kisukari, walioshindwa kabisa walikuwa 28 katika kila 100, yaani karibu mara tatu. Mwaka 2017 watafiti wengine walikusanya tafiti 145 kutoka sehemu mbalimbali za dunia wakaona kwamba zaidi ya nusu ya wanaume wenye kisukari wana tatizo hili, wengine kidogo, wengine sana. Na tusidhani kwamba ni mambo ya Wazungu: utafiti uliofanywa kwa wagonjwa wa kliniki ya kisukari katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2014, ulikuta hali hiyo hiyo, zaidi ya nusu.

Hebu basi fikiria benchi la kliniki asubuhi. Wamekaa wanaume kumi, kila mmoja na kadi yake mkononi, wanazungumza habari za mvua na bei ya mahindi. Kwa kadiri ya hesabu hizo, watano au sita kati yao wana shida moja, na kila mmoja anaamini kwamba ni yeye peke yake.

Nao kisukari chenyewe kinaongezeka. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1989, uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania, ulikuta mtu mzima mwenye kisukari hata hakufika mmoja katika kila watu 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kama 9 katika kila 100. Njia za kupima hazikuwa zile zile, na huo wa pili ulihesabu na watu wa mijini, lakini hata tukitoa hilo, yeyote aliyefanya kazi hospitalini katika miaka hiyo hahitaji kuelezwa kwamba mambo yamebadilika.

Uume husimamaje?

Tueleze kidogo, maana asiyejua jinsi kitu kinavyofanya kazi atauziwa dawa yoyote.

Uume hauna mfupa. Ndani yake, kwa urefu, mna sehemu mbili zilizo mithili ya sifongo. Mwanamume anapopata hamu, ubongo hupeleka habari kupitia uti wa mgongo na neva, ambazo wengine huziita mishipa ya fahamu, mpaka kwenye uume. Hapo neva pamoja na utando laini ulio ndani ya mishipa ya damu hutoa kemikali iitwayo nitriki oksaidi. Kazi ya kemikali hiyo ni kulegeza. Misuli midogo iliyokuwa imebana mishipa hulegea, damu huingia kwa wingi, sifongo hujaa na kuvimba, na kwa kuvimba kwake huibana ile mishipa midogo inayotoa damu. Ni kama mpira wa baiskeli: upepo unaingia na valvu inauzuia usitoke. Wanasayansi watatu wa Marekani walioonyesha kazi ya kemikali hiyo katika mishipa ya damu, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Sasa sukari ikizidi katika damu kwa miaka, huharibu kila sehemu ya kazi hiyo. Utando wa ndani ya mishipa hushindwa kutoa kemikali ya kutosha. Mishipa yenyewe hukakamaa na kuziba kwa mafuta. Neva nazo hufa polepole, na ni kwa njia ile ile ambayo neva za nyayo hufa. Ndiyo maana siku hizi mgonjwa akituambia kwamba anapotembea anaona kama anakanyaga pamba, hatuishii kwenye miguu, tunamuuliza na habari za chumbani.

Kuna jambo ambalo tungependa kila mwanamume alishike hata kama hana kisukari. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ni myembamba, milimita 1 hadi 2 tu, na ile inayolisha moyo ni milimita 3 hadi 4. Uchafu ule ule wa mafuta huzibua wapi? Hauzibui; huziba, na huanza kuziba pale palipo pembamba. Kwa hiyo mwanamume ambaye uume wake umeanza kulegea pasipo sababu ya wazi huenda anapewa habari za moyo wake miaka miwili hadi mitano mapema. Apimwe presha, sukari na mafuta katika damu. Wapo waliokuja kwetu kwa ajili ya nguvu za kiume, wakapimwa, wakakutwa na sukari ambayo hawakuijua. Wengine hujulikana kwa njia nyingine ya chini huko huko: kuwashwa chini ya govi na kutoka fangasi nyeupe zisizokoma kwa dawa ya kupaka, kwa sababu mkojo wenye sukari ni shamba zuri la fangasi.

Jambo la tatu halisemwi sana, nalo huvunja nyumba. Neva zinapoharibika, mlango wa kibofu hushindwa kujifunga wakati wa kumwaga mbegu, na mbegu hurudi nyuma kwenye kibofu badala ya kutoka mbele. Mwanamume huona hatoi kitu au anatoa kidogo sana, na mkojo wake baada ya tendo huwa na ukungu. Watu hao wakikosa mtoto, mwanamke ndiye anayelaumiwa na ukoo na kuzungushwa kwa waganga, wakati hakuna aliyempima mume hata siku moja.

Homoni ya kiume

Wanaume wengi hukubali habari ya mishipa na neva. Habari ya homoni ndiyo hawajaisikia, nayo huambatana na kisukari kwa karibu sana.

Testosteroni ni homoni inayotengenezwa katika korodani kwa amri ya tezi ndogo iitwayo pituitari, iliyo chini ya ubongo, ukubwa wake kama punje ya njegere. Hiyo ndiyo inayomwotesha kijana ndevu na kuifanya sauti yake kuwa nzito, na kwa mtu mzima huendelea kutunza hamu ya tendo la ndoa, misuli, mifupa, wingi wa damu, hata uchangamfu. Mwaka 2004 watafiti wa Buffalo, katika jimbo la New York, walitangaza kwamba kati ya wanaume 103 wenye kisukari cha aina ya pili, yaani kile kinachowapata zaidi watu wazima, theluthi moja walikuwa na testosteroni pungufu. La kushangaza ni kwamba korodani zao hazikuonekana kuwa na ubovu. Ile amri ya kutoka kichwani ndiyo iliyokuwa dhaifu.

Kwa nini amri hudhoofika? Unene wa tumbo una sehemu kubwa. Tumezoea kuona kitambi kama alama ya neema, na mke wa mwenye kitambi husifiwa kwamba anampikia mumewe vizuri. Lakini mafuta ya tumboni hayakai bure. Huigeuza testosteroni kuwa estrojeni, homoni ambayo kwa kawaida ni nyingi kwa wanawake, na estrojeni hiyo huiambia pituitari kwamba homoni zimetosha, ipunguze kazi. Mwili usioitikia insulini vizuri nao huchangia upungufu huo. Halafu mambo hugeuka na kuanza kuzunguka: testosteroni ikipungua, misuli hupungua na mafuta ya tumbo huongezeka, mafuta yakiongezeka, insulini hufanya kazi vibaya zaidi na sukari hupanda, sukari ikipanda, testosteroni hupungua tena. Mtu amekaa kwenye kiti chake barazani, amechoka bila kufanya kazi, hana hamu na lolote, na wenzake husema amezeeka au amerogwa.

Mtu atajuaje kama shida yake ni ya mishipa au ya homoni? Kwa kawaida sisi huuliza hivi. Je, hamu ipo lakini mwili haukubali? Hapo hushuku mishipa ya damu na neva. Au hamu yenyewe imekufa, hata hukumbuki, na umechoka, na misuli imelegea? Hapo hushuku homoni. Je, ukiamka alfajiri hukuta uume umesimama wenyewe? Kama ndiyo, basi njia ya damu na neva haijaharibika sana, na huenda shida kubwa ni hofu. Maana hofu nayo ni ugonjwa. Mwanamume akishindwa mara moja kwa sababu ya uchovu au pombe, mara ya pili huingia kitandani kama mtu anayekwenda kufanya mtihani, na mwili wenye wasiwasi haufungui mishipa. Hata hivyo katika kisukari sababu zote tatu mara nyingi huwa pamoja, na hakuna muuguzi wala mke awezaye kuzitenganisha kwa kumtazama mtu usoni.

Kipimo cha testosteroni ni cha damu. Hutolewa asubuhi, kabla ya saa nne, mtu akiwa hajala, kwa sababu homoni hii huwa juu asubuhi na hushuka mchana. Kikionyesha upungufu lazima kirudiwe siku nyingine kabla ya kuamua lolote, na kisifanywe mtu akiwa na homa au amelazwa, kwani ugonjwa wowote mkali huishusha. Hakipatikani kila mahali. Aghalabu ni katika hospitali kubwa, nacho si cha bei ndogo. Ndiyo maana hatumpeleki kila mtu huko.

Aliyethibitika kupungukiwa anaweza kupewa testosteroni na daktari, kwa sindano au kwa dawa ya kupaka. Hapa tuna neno kwa vijana. Testosteroni inayotoka nje huiambia pituitari ilale kabisa, na korodani huacha kutengeneza mbegu. Mwanamume anayetaka mtoto na akajidunga homoni aliyoinunua mwenyewe anajifungia mlango kwa mkono wake. Tena huifanya damu kuwa nzito, na haifai kwa mwenye saratani ya tezi dume. Huko Australia wanaume 1,007 wenye matumbo makubwa, ambao sukari ilikuwa imeanza kupanda, waliwekwa wote katika mpango wa kupunguza uzito. Nusu wakachomwa testosteroni na nusu sindano isiyo na dawa, kwa miaka miwili. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021: wenye kisukari mwishoni walikuwa 12 katika 100 kwa waliopata dawa, na 21 katika 100 kwa wasiopata. Habari njema, lakini 22 katika 100 ya waliopata dawa walikutwa na damu nzito kupita kiasi. Kwa hiyo madaktari hawajaifanya kuwa tiba ya kisukari, nasi hatutaki mtu asome ukurasa huu kisha aende kuinunua.

Tiba iliyo karibu

Watu husikitika tunapoanza na sukari yenyewe, maana walitaka kusikia kidonge. Lakini hapo ndipo pa kuanzia. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa 7.0 au zaidi, na ikarudiwa ikawa hivyo, huo ni kisukari, na kadiri kinavyoshikwa mapema ndivyo mishipa inavyosalimika. Mwanamume mwenye kilo 90 akipunguza hata kilo 9, testosteroni yake mwenyewe hupanda bila sindano, na insulini hufanya kazi vizuri zaidi. Ugali si haramu. Mlima wa ugali na kamboga kadogo pembeni ndio tatizo. Mboga ziongezwe, ugali upungue, chai inyweke bila sukari, na soda tuwaachie wenye harusi, nao wasizidishe. Kutembea kwa kasi nusu saa, siku nyingi za juma, ni dawa. Sigara huziba mishipa ile ile tuliyoitaja. Pombe humpa mtu ujasiri na kumnyang'anya uwezo, na hilo walevi wenyewe wanalijua.

Kisha dawa za magonjwa mengine zitazamwe. Baadhi ya dawa za presha, kama propranolo na zile za kuongeza mkojo za jamii ya haidroklorothaiazaidi, zaweza kupunguza nguvu za kiume. Daktari anaweza kubadilisha. Lakini msomaji asiache dawa ya presha mwenyewe. Tumemhudumia aliyefanya hivyo akapooza upande mmoja, na kwa mtu aliyepooza swali la unyumba huwa limehamia mbali kabisa.

Baada ya hapo kuna vidonge. Sildenafili iliruhusiwa Marekani mwaka 1998. Mwanzoni ilikuwa ikijaribiwa kwa maumivu ya moyo, na waliojaribiwa ndio waliotoa habari nyingine. Haileti hamu wala haisimamishi uume yenyewe. Huizuia ile kazi ya kulegeza isikatike upesi, kwa hiyo mtu akiimeza na kugeukia ukutani hakuna litakalotokea. Kwa wenye kisukari haifanyi kazi vizuri kama kwa wengine: katika jaribio lililochapishwa mwaka 1999, waliopata nafuu walikuwa 56 katika 100, na waliopewa kidonge kisicho na dawa 10 katika 100. Inaweza kuumiza kichwa, kuziba pua na kufanya uso upate joto. Uume ukisimama kwa zaidi ya saa 4 bila kulegea, hiyo ni dharura, hospitali usiku huo huo.

Hatari kubwa ni hii. Anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, kama nitroglisirini ya kuweka chini ya ulimi au isosobaidi, asiguse kabisa sildenafili. Zikikutana presha hushuka ghafla na mtu anaweza kufa. Hapo ndipo tunapoziogopa dawa za sokoni, vumbi la Kongo na unga mwingine usio na jina. Hatuzidharau mitishamba yote, babu zetu walijua mengi. Lakini wakaguzi wa dawa wa Marekani wamekuta mara nyingi kwamba bidhaa zinazouzwa kama mitishamba mitupu ya nguvu za kiume zimechanganywa kwa siri na sildenafili. Mzee wa moyo anakunywa mtishamba kumbe anakunywa kidonge, tena asichojua ni kiasi gani.

Kwa wale ambao vidonge havikuwasaidia zipo njia nyingine, kama sindano ya kwenye uume na pampu ya kuvuta damu. Hizo ni za daktari bingwa, tunazipita.

Maswali mawili ambayo si ya dawa

Wagonjwa hutuuliza kama Kanisa linakataza kutumia dawa hizi. Hakuna fundisho linalowakataza wanandoa kutibu ugonjwa wa kiungo hiki, kama lisivyokataza kutibu jicho.

Swali la pili huletwa na akina mama, tena kwa sauti ya chini: je, ndoa bado ipo? Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1084, inasema juu ya kutoweza tendo la ndoa kuliko kuwapo kabla ya ndoa na kusikopona. Kinachokuja miaka kumi au ishirini baada ya kufunga ndoa hakiivunji ndoa. Mambo mengine zaidi aulizwe Baba Paroko, sisi ni wauguzi.

Yule fundi mwashi, kwa ruhusa yake, tulimtumia mkewe ujumbe. Alikuja siku ya Alhamisi akiwa amembeba mtoto, akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha jirani, si cha mumewe. Tulimweleza kama tulivyoeleza hapa. Akauliza, "Kwa hiyo ni ugonjwa?" Tukasema ni ugonjwa. Akanyamaza kitambo, akauliza kama utapona. Hatukumdanganya, tukasema sukari yake tunaweza kuishusha, mengine tutajaribu. Aliondoka siku ile bila kusema ameamua nini. Jumatatu alirudi na chungu cha uji usio na sukari. Mumewe sasa hutembea kwa magongo na huja kliniki kama zamani. Vidonge humsaidia mara nyingine, mara nyingine havimsaidii.

Kwenye kadi zetu tumechora kwa rula safu moja zaidi, kwa kalamu nyekundu. Siku ya kwanza tulipouliza swali hilo, mwanamume wa kwanza alicheka. Wa pili aligeuka kutazama kama mlango umefungwa. Wa tatu alianza kujibu kabla hatujamaliza kuuliza, na aliongea mpaka foleni ikaanza kunung'unika.

Ukija, njoo asubuhi kabla ya kunywa chai, ili sukari ipimwe vizuri. Leta dawa zote unazotumia, na zile za unga za sokoni zilete pia, hatutakugombeza. Kama waona haya kuzungumza na muuguzi wa kike, sema tu mapokezi kwamba unataka kuzungumza na mwanamume, usiulizwe sababu. Na kama mke wako yuko tayari, njoo naye.